Filamu Ambazo Mwisho Wake Tunaujua

Katika shule ya bweni ya wasichana ninakofanya kazi ya umatroni, Jumamosi usiku ni usiku wa filamu, na jukumu la kuzichagua nililikuta likinisubiri pamoja na funguo za mabweni. Jukumu hilo lina sharti moja ambalo mtazamaji wa nyumbani halijui. Kila mwaka huingia wasichana wapya wa kidato cha kwanza, na filamu iliyowafaa dada zao ndiyo itakayowafaa wao, kwa hiyo sisi tunaobaki hapa mwaka hadi mwaka hatuna budi kuitazama tena. Zipo filamu nilizozipenda mno mara ya kwanza zikanichosha mara ya pili, kwa kuwa raha yake yote ilikuwa katika kutojua nani aliua au nani ataolewa na nani. Zipo nyingine, chache, ambazo kila nikizirudia naona jambo ambalo sikuliona awali. Nyingi kati ya hizo hazikuvuma kama zilivyostahili, na ukizitaja mbele ya watu wanaojiona wajuzi wa filamu watakuuliza kama ni za mwaka huu.

Watu wengi hudhani kwamba filamu ya kuburudisha moyo ni kitu chepesi kinachotengenezwa kwa kuwapa wahusika wote kila wanachokitaka na kupandisha muziki dakika za mwisho. Bwalo la shule halikubaliani nao. Wasichana waliokula ugali na maharage, walioketi juu ya mabenchi yasiyo na egemeo, hawana subira na furaha ya bure. Wakiona mhusika anapata bila kupungukiwa na chochote, huanza kupiga soga na kuchorana mikono kwa kalamu, na mimi hujua kwamba filamu hiyo haitarudi tena kwenye ratiba. Furaha inayowashika ni ile ambayo gharama yake imeonyeshwa wazi, hata kama yenyewe ni ndogo, na mara nyingi anayeilipia si mhusika mkuu bali mtu aliye pembeni yake. Ndiyo maana filamu hizi hustahimili kurudiwa: mara ya kwanza unamfuata shujaa, na ukishajua kwamba atafika salama, macho yako huwa huru kuwatazama wengine.

Mfano wangu wa kwanza siku zote ni Queen of Katwe, iliyotoka mwaka 2016 chini ya uongozaji wa Mira Nair, inayosimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana muuza mahindi wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, aliyefundishwa mchezo wa sataranji na Robert Katende hadi akaiwakilisha Uganda nje ya nchi. Ilikuwa na kila sababu ya kuvuma. Kampuni ya Disney ndiyo iliyoitoa, Lupita Nyong'o aliigiza kama mama yake Phiona, na David Oyelowo aliigiza kama Katende. Hata hivyo, filamu iliyogharimu takribani dola milioni 15 za Marekani iliingiza kama milioni 10 tu katika kumbi za sinema duniani, na hesabu ya namna hiyo huizika filamu kabla watu hawajapata muda wa kuelezana habari zake. Kwetu ina faida nyingine ambayo wahasibu wa sinema hawaijui: wahusika wake wanazungumza Kiingereza cha Kampala, kinachotamkwa polepole na kwa lafudhi ya jirani zetu, kiasi kwamba mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili mwezi Januari anaweza kukifuata bila mtu wa kumtafsiria.

Kuna sehemu ambapo Katende anawapeleka watoto wa Katwe kushindana katika shule maarufu ya Budo. Wanapewa malazi bwenini, vitanda vimetandikwa vizuri, na asubuhi wanakutwa wamelala sakafuni wote pamoja, wamebanana kama walivyozoea nyumbani kwao. Wanafunzi wa vidato vya juu hucheka hapo. Wa kidato cha kwanza hawacheki, kwa sababu baadhi yao wiki chache tu zilizopita walikuwa wakiniomba niwahamishe kutoka kitanda cha juu cha dabodeka, au wakishuka usiku kwenda kulala na mwenzao wa chini ili wasiwe peke yao. Baada ya kuirudia filamu hii mara nyingi, niliacha kulichukulia jambo hilo kama utovu wa nidhamu wa kuandikwa kwenye daftari la makosa, na siku hizi muhula wa kwanza napita na tochi yangu bila kuuliza kitanda hiki kina vichwa vingapi.

Mtu ninayemtazama sasa katika filamu hiyo ni mama, Nakku Harriet. Mara ya kwanza nilimwona kuwa mkaidi, mwanamke anayemzuia mtoto wake kwa hofu zisizo na msingi. Ukimtazama tena utaona kwamba kila hofu yake ina tarehe na mahali ilipozaliwa: amefiwa na mume, binti yake mkubwa ameondoka na mwanamume mwenye pikipiki, mwanawe wa kiume amegongwa barabarani, na mwenye nyumba amewafukuza wakiwa wametoka hospitalini. Phiona anapohitaji mwanga wa kusomea usiku, Harriet anaiuza nguo yake ya thamani ili apate mafuta ya taa. Hakuna hotuba inayosindikiza tendo hilo, wala mtoto haambiwi ukubwa wake. Nyong'o anaicheza sehemu hiyo kwa uso mkavu kabisa, na mimi naamini kwamba hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko nyingine zilizompatia sifa zaidi, ingawa najua wapo watakaonibishia.

Filamu hii naiweka makusudi wiki yanapotoka matokeo ya mitihani ya majaribio ya kidato cha nne. Sababu ni kwamba inamwacha Phiona ashindwe. Katika mashindano ya Olimpiki ya sataranji yaliyofanyika Khanty-Mansiysk nchini Urusi mwaka 2010, anafika akiwa ameshasifiwa na kila mtu, anapigwa, na analia. Filamu haiharakishi kumfuta machozi. Inamrudisha nyumbani akiwa na aibu yake, na inampa muda. Nimewahi kuwahutubia wasichana waliofeli kwa maneno mengi ya kutia moyo, na naweza kusema kwa uhakika kwamba kumwona Phiona akikataa kuishika kete huwasaidia zaidi ya maneno yangu. Mwishoni, majina yanapoanza kupita, kila mwigizaji anasimama kando ya mtu halisi aliyemwigiza, na hapo humkataza dada mkuu kuwasha taa. Wakati huo bwalo zima husimama, si kwa ajili ya kuondoka bali ili waone vizuri, na utasikia wakibishana kwa sauti ni yupi kati ya wawili wale aliye mwenyewe.

Filamu ya pili inatoka India. English Vinglish ya mwaka 2012 ndiyo filamu ya kwanza ya mwongozaji Gauri Shinde, na ndiyo iliyomrudisha Sridevi kwenye sinema kama mhusika mkuu baada ya kupumzika kwa miaka mingi. Anacheza kama Shashi, mama wa nyumbani wa mjini Pune ambaye anatengeneza ladu, vitafunio vitamu vya Kihindi, na kuziuza, na ambaye mume na binti yake humcheka kwa sababu hajui Kiingereza. Anasafiri peke yake kwenda New York kusaidia maandalizi ya harusi ya mpwa wake, na siku moja anaingia mgahawani kununua chakula. Sehemu hiyo ni fupi, lakini sijaona nyingine inayofanana nayo kwa ukali. Anataka tu kitu kisicho na nyama, na kikombe cha kahawa. Mhudumu anamrushia maswali mfululizo, maji ya aina gani, kahawa ya aina gani, foleni nyuma yake inaanza kunung'unika, na mwanamke huyu ambaye nyumbani kwake anaendesha biashara anatoka mbio, anamgonga mtu, vitu vinamwagika, kisha anakaa kwenye benchi la barabarani analia peke yake.

Kila mara ninapoionyesha, kicheko huanzia mabenchi ya nyuma, wanakoketi wa kidato cha tatu na cha nne, na kila mara hufa kabla ya kufika mbele. Shuleni kwetu, kama ilivyo katika shule nyingi za sekondari nchini, mtoto amesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi kisha anaamka asubuhi moja masomo karibu yote yamekuwa Kiingereza, na anayeteleza akasema Kiswahili darasani anaadhibiwa. Wanaoketi mbele wako ndani ya mgahawa ule kila siku. Nilichojifunza kwa kuwatazama wao badala ya kuitazama picha ni kwamba kinachomuumiza Shashi si ugumu wa lugha, kwani anajifunza kwa furaha mara tu anapopata darasa la watu wanaoteleza kama yeye, dereva wa teksi na yaya na mpishi. Kinachomuumiza ni haraka ya wanaomsikiliza. Tangu hapo, msichana mgeni akija ofisini kwangu kuomba ruhusa kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, namsubiri hadi amalize sentensi yake, hata kama nimeshaelewa kwamba anaumwa jino.

Likizo moja niliitazama na mama yangu, ambaye alikulia Tanga na ambaye filamu za Kihindi kwake ni jambo la ujana wake. Nyimbo anaziimba maneno yote bila kuelewa neno hata moja. Nilitarajia amchukie mume wa Shashi. Alipoona mume yule akiwaambia wageni kwa utani kwamba mkewe amezaliwa kwa ajili ya kupika ladu, mama akasema, "Huyu si mbaya, mwanangu, huyu hajazoea kumtazama." Niliirudisha akilini filamu nzima nikaona kwamba ana haki. Hakuna adui ndani yake. Hata siku ya mtihani wa mwisho wa darasa lile, kinachomzuia Shashi kwenda ni ajali ya mtoto wake mdogo anayemwaga ladu za harusi, naye anachagua kubaki na kuzipika upya badala ya kumwachia mtu mwingine. Anautoa mtihani wake mbele ya wageni wa harusi, kwa hotuba ya Kiingereza chenye makosa madogo madogo, na kisha, ndani ya ndege ya kurudi nyumbani, anamuuliza mhudumu kwa Kiingereza kama wana gazeti la Kihindi. Mama alipiga makofi kwa gazeti lile kuliko alivyopiga kwa hotuba.

Supa Modo ya Kenya, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kutoka mwaka 2018, naitaja kwa tahadhari. Inamhusu Jo, mtoto wa miaka tisa anayeumwa ugonjwa usiopona, ambaye anaamini kwamba anaweza kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na dada yake Mwix anawashawishi wanakijiji wote wajifanye kwamba ni kweli. Ni filamu ya furaha kubwa na ina msimulizi wa kibanda cha video ambaye yeyote aliyewahi kulipia kiingilio kwenye kibanda umiza atamtambua mara moja. Mtoto hafi mbele yetu kwa kishindo, lakini anakufa, na zipo wiki ambazo bwalo langu haliwezi kulibeba jambo hilo kwa sababu kuna msichana aliyepigiwa simu kutoka kwao. Nikiwa peke yangu naitazama mara kwa mara kwa ajili ya mama yake Jo, anayepinga mchezo wote ule kwa hoja nzuri kabisa, na anayeshindwa kwa hoja iliyo bora zaidi.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Iran. Children of Heaven ya Majid Majidi ilitoka mwaka 1997, ikawa filamu ya kwanza ya nchi hiyo kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, kisha ikashindwa na filamu ya Kiitaliano ambayo mimi siirudii. Mvulana Ali anavipeleka viatu vya mdogo wake Zahra kwa fundi, na wakati wa kurudi vinapotea mbele ya duka la mboga. Wazazi hawana fedha za kununua vingine. Watoto wanakubaliana kuficha siri na kutumia jozi moja ya raba za Ali kwa zamu: Zahra anasoma asubuhi, Ali mchana, na katikati kuna uchochoro ambamo mmoja anavua na mwingine anavaa huku muda ukimkimbia. Mkasa wote ni huo.

Filamu hiyo inazungumzwa Kiajemi, na tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha hupita upesi kuliko macho ya mtoto wa kidato cha kwanza, hivyo mimi huketi kando ya spika na kipaza sauti nikiisimulia kwa Kiswahili, kazi iliyompatia DJ Afro wa Kenya jina kubwa, ingawa sina vichekesho vyake hata robo. Kusimulia kunakufanya uone jinsi maneno yalivyo machache. Ugomvi wa kwanza kati ya Ali na Zahra kuhusu viatu hauna sauti kabisa: wameketi sakafuni wanafanya kazi ya shule, baba na mama wanazungumza karibu yao, nao wanabishana kwa kuandikiana kwenye madaftari, kisha Ali anamhonga dadaye penseli. Wasichana wetu wanazijua barua za namna hiyo. Mimi nimezikamata nyingi. Hapo nalazimika kusoma maandishi, lakini nasoma kwa kunong'ona, na bwalo lote hunong'ona pamoja nami.

Baba wa watoto hao ndiye niliyechelewa kumtambua. Jioni moja anavunjavunja sukari ya msikitini, sukari nyingi, mbele yake kuna lundo. Zahra anamletea chai. Baba anaomba sukari ya kunywea, mtoto anamwonyesha lile lundo, na baba anamjibu kwamba ile ni ya msikiti, wamekabidhiwa tu. Sehemu hiyo huchukua sekunde chache na haina uhusiano wowote na viatu, hivyo mtazamaji wa mara ya kwanza huipita. Mtazamaji wa mara ya pili anaelewa kwa nini watoto waliolelewa na mtu huyo, wanapomfuata mwanafunzi mwingine hadi kwao baada ya kuvitambua viatu vya Zahra miguuni pake, na kumwona akimwongoza baba yake asiyeona mlangoni, wanageuka na kurudi nyumbani bila kusema neno. Majidi haelezi chochote. Mwaka mmoja, muda mfupi baada ya kuionyesha, alikuja msichana aliyekuwa ameripoti wizi wa ndala zake, akaniomba niifute ripoti. Alikuwa amemjua aliyezichukua, na hakutaka kumtaja. Siwezi kudai kwamba filamu ndiyo iliyomtuma. Niliifuta ripoti, nikampa ndala zilizosahauliwa na waliomaliza mwaka uliotangulia.

Mume wangu ana msimamo kwamba filamu ukishaujua mwisho wake umekwisha kazi nayo, msimamo ambao haumzuii kutazama marudio ya mechi za Simba na Yanga usiku kucha. Likizo ya mwisho wa mwaka aliniona nikiiweka Children of Heaven, akabaki sebuleni akijifanya anasoma simu. Karibu na mwisho kuna mbio za kilomita nne za wanafunzi, na zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba, kwa hiyo Ali anakimbia akitaka nafasi hiyo na si nyingine. Anajaribu kujizuia, anaangushwa, anainuka, anachanganyikiwa, na anavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, huku walimu wakimbeba mabegani naye akilia. Anachojua mtazamaji, na Ali hakijui, ni kwamba baba yake yuko njiani na baiskeli yenye viatu vipya nyuma. Mume wangu alishaiona filamu hiyo, tena zaidi ya mara moja. Ilipofika zamu ya mbio simu ilikuwa imewekwa kifudifudi juu ya meza, naye yuko ukingoni mwa kiti akimwambia Ali apunguze mwendo, awaache wawili wapite, wawili tu. Ali akashinda kama anavyoshinda siku zote. Mume wangu akadai nirudishe picha nyuma, kwani kwa macho yake yeye kuna mtoto aliyemtangulia Ali kwenye mstari, na mwamuzi hakutazama vizuri.